NBA League Pass kwa shabiki wa Portland aliyeko Dar, na kesi ya Scoot Henderson

Nikiulizwa kama League Pass, huduma ya kulipia ya kutazama mechi za NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) mtandaoni, inafaa kulipiwa na mtu anayeishi Dar es Salaam, huwa nauliza kwanza: unafuatilia timu gani? Ukiwa shabiki wa Boston au New York, mechi yao ya saa moja jioni inatukuta sisi saa tisa usiku, na asubuhi una kazi. Ukiwa shabiki wa Portland Trail Blazers kama mimi, mambo ni tofauti kabisa. Mechi ya nyumbani ya saa moja jioni kwao inaanza kwetu saa kumi na mbili kamili asubuhi. Hiyo ni kuanzia Novemba Wamarekani wanaporudisha saa nyuma hadi Machi. Oktoba, na tena mwishoni mwa msimu, ni saa kumi na moja alfajiri. Mimi nauza vifaa vya umeme Kariakoo na duka nafungua saa tatu. Robo ya kwanza naitazama na chai mkononi, nusu ya pili nikiwa nimeshaoga, na filimbi ya mwisho inalia kabla sijatoka nyumbani. Ligi yote ya NBA hakuna ratiba inayomfaa mfanyakazi wa Afrika Mashariki kama ya timu za pwani ya magharibi, na hili wauzaji wa huduma hii wangelisema kwa sauti, wangepata wateja wengi huku.

Portland niliianza mwaka 2012. Watanzania wa rika langu watakumbuka. Machi ya mwaka ule Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu wa NBA, alipelekwa huko kutoka Houston, na sisi tuliokuwa tukishinda viwanjani Upanga tukahama naye. Yeye hakukaa, mimi nikabaki. Nitamrudia Hasheem baadaye kidogo kwa sababu anaingia kwenye hoja yangu.

Sasa huduma yenyewe. Ipo ya ligi nzima, ipo ya timu moja kwa bei nafuu zaidi, na ipo ya juu ambayo wakati wa matangazo ya biashara unaoneshwa yanayoendelea uwanjani na unaweza kushusha mechi kwenye simu. Mimi ningemshauri mtu mwenye timu moja moyoni alipie ya timu moja, basi. Malipo yangu nayafanya kwa kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya simu, na inafanya kazi vizuri. Adui ni bando. Mechi nzima kwa picha ya ubora wa juu inakula GB kadhaa, na mtandao wangu wa simu, ambao sitautaja, una tabia ya kulegea asubuhi ileile ninayouhitaji. Dawa yake ni kushusha ubora wa picha mwenyewe kwenye mipangilio kabla ya mechi kuanza, usiiachie programu ikuchagulie. Namba za jezi bado zinasomeka.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho nakithamini sana: unaweza kuficha matokeo. Siku ambayo asubuhi imenibana, naficha matokeo, naenda kazini bila kugusa makundi ya WhatsApp, usiku naitazama mechi kama inachezwa sasa hivi. Na mechi zote za msimu zinabaki humo, unazirudia utakavyo. Hapo ndipo pesa yangu inapokwenda hasa. Mimi jioni nafundisha vijana kikapu, wengi wao magadi, yaani wanaoleta mpira na kuongoza mashambulizi, na gadi huwezi kumwelewa kwa vipande vya dakika mbili.

Hapa naingia kwa Scoot Henderson, gadi wa Portland, maana ndiye aliyenifanya nilipie msimu baada ya msimu. Haya nayaandika Oktoba 2025, kabla msimu wa 2025-26 haujaanza.

Kwa asiyemfahamu: kijana amezaliwa Februari 2004 huko Marietta, Georgia. Akiwa na miaka 17 aliacha njia ya chuo akasaini na G League Ignite, timu ya vijana kwenye ligi ya chini ya NBA. Oktoba 2022, karibu na Las Vegas, alikutana na Victor Wembanyama na timu yake ya Ufaransa. Wembanyama akafunga pointi 37, Scoot akafunga 28 na asisti 9 (pasi zinazozaa kikapu), na timu ya Scoot ikashinda. Siku ile watu wengi waliamini kwamba mwaka mwingine wowote Scoot angekuwa namba moja wa drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu. Drafti ya 2023 akachaguliwa wa tatu na Portland, nyuma ya Wembanyama na Brandon Miller. Siku chache baadaye Damian Lillard, mfalme wa mji ule kwa zaidi ya muongo mmoja, akaomba kuondoka. Mtoto wa miaka 19 akaachiwa kiti ambacho hakuna mtu angekikalia bila kutetemeka.

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Timu ilishinda mechi 21 ikapoteza 61. Scoot alipata wastani wa pointi 14 na asisti 5.4, lakini alikuwa anapiga asilimia 38.5 tu ya mitupo yake, pointi tatu asilimia 32.5, na alipoteza mpira zaidi ya mara tatu kila mechi. Msimu wa pili, 2024-25, akatolewa kwenye kikosi cha kuanzia. Alicheza mechi 66 na kuanza 10 tu. Wastani wa pointi ukashuka hadi 12.7.

Mpwa wangu yuko chuo mwaka wa pili, na mpira anautazamia kwenye vipande vya mitandaoni. Alikuja nyumbani akanikuta natazama mechi ya Portland ya marudio, akakaa, akasema, "Anko, huyu si wangemuuza tu? Namba tatu ya drafti anatokea benchi! Aliyechaguliwa nyuma yake, Amen Thompson, yuko kikosi cha kwanza cha ukabaji cha ligi nzima."

Nikamwambia, "Kaa hapo tuangalie robo moja yote. Usiangalie mpira. Muangalie yeye tu."

Na hilo ndilo ninalolifanya na vijana wangu pia. Naweka tabuleti juu ya kiti cha plastiki pembeni ya uwanja, wanakusanyika, namrudisha Scoot sekunde kumi nyuma mara nyingi iwezekanavyo. Naanza na mechi za msimu wake wa kwanza. Mchezaji mrefu anamwekea skrini, yaani anasimama kumzuia njia mkabaji wake, juu ya mstari wa pointi tatu. Nawaambia vijana waangalie miguu ya mkabaji: hapiti juu ya skrini kumfuata Scoot, anapita chini, anamsubiri upande wa pili. Maana yake anamwambia, "piga, sikuogopi." Scoot anachukua dribu mbili, anafika karibu na mstari wa mitupo huru, na pale anakutana na mkabaji aliyemsubiri na mrefu wa kati aliyerudi kulinda ringi. Njia imefungwa. Anaruka anapiga mtupo mgumu wa katikati, au anatoa pasi akiwa tayari hewani, na pasi ya hewani ndiyo inayoibiwa. Halafu nawafungulia mechi ya baada ya Januari 2025. Skrini ileile, mkabaji anapita chini vilevile, lakini sasa Scoot hakimbii kwenda mbele. Anasimama nyuma ya skrini, mabega yameshatulia, anaachia pointi tatu. Inapoingia mara mbili, mkabaji analazimika kupita juu, na hapo kasi yake ya hatua ya kwanza, ambayo kwenye ligi ile wanayo wachache, inapata uwanja wa kukimbilia.

Kijana mmoja wa miaka kumi na sita, mwenye kasi kuliko wenzake wote, aliangalia kipande kile akaniuliza, "Kocha, kumbe kusimama nako ni kasi?" Sikumjibu, nikamrudishia tena aone mwenyewe.

Takwimu zinakubaliana na macho. Asilimia ya mitupo yote ilipanda hadi 41.9, ya pointi tatu hadi 35.4. Januari 14, 2025, nyumbani dhidi ya Brooklyn, alifunga pointi 39, nyingi kuliko alizowahi kufunga katika mechi yoyote ya NBA. Timu ilipoteza mechi ile, na ndiyo sababu wengi hawaikumbuki. Lakini nenda kaitafute. Ipo humo kwenye kumbukumbu, na ni mojawapo ya mechi ambazo toleo lake la dakika kumi halitoshi. Toleo la dakika kumi linakuonesha mipira inayoingia. Halikuoneshi jinsi anavyoanza kumwita mchezaji mrefu aje upande wa kulia badala ya kushoto kwa sababu amemsoma mkabaji. Toleo hilo fupi ni zuri kwa kujua timu nyingine zinafanya nini, na mimi nalitumia hivyo, lakini mtu akijenga hukumu juu ya gadi kijana kwa kutumia hilo, atamwonea.

Ipo mipaka ambayo hata mechi nzima haikuvushi. Kamera inafuata mpira. Scoot akiwa upande wa pili anakaba mtu asiye na mpira, mara nyingi hayumo kwenye picha, na ukabaji wake ndio sehemu inayobishaniwa zaidi. Msimu wa kwanza alikuwa anagonga kila skrini na kubaki nayo. Wa pili ameboreka: ana kifua, ana mikono yenye nguvu, na gadi mwenzake akijaribu kumsukuma kuelekea chini ya ringi anakuta ukuta. Ninachokiona kwa uhakika ni ukabaji wake akiwa mbele ya mtu mwenye mpira. Mengine nayapima kwa kuangalia nani ameachwa wazi pale picha inaporudi.

Basi nafasi yake ipi?

Wako wanaosema abaki benchi, awe kiongozi wa kikosi cha pili. Hoja yao ina nguvu na lazima niipe heshima yake. Akitokea benchi anakutana na magadi wa akiba, mpira wote ni wake, timu inakimbia, na kujiamini kunarudi. Msimu wa 2024-25 kocha Chauncey Billups alifanya hivyo na kijana akakua. Timu nayo ilikua: ilianza kwa kushinda 13 na kupoteza 28, kisha ikashinda 23 na kupoteza 18 hadi mwisho. Nani atavuruga kitu kinachofanya kazi?

Wako pia wanaosema apewe timu nzima mkononi, kama alivyokuwa nayo Lillard. Hawa wanampenda, lakini naona wanamtwisha mzigo wa mtu mwingine. Portland ya leo si timu ya gadi mmoja. Deni Avdija, ambaye ni fowadi, nusu ya pili ya msimu uliopita ndiye aliyekuwa akiendesha mashambulizi mengi. Majira ya joto ya 2025 walimpeleka gadi Anfernee Simons Boston wakamchukua gadi Jrue Holiday, bingwa wa 2021 na Milwaukee na wa 2024 na Boston, mwenye miaka 35. Na Lillard amerudi nyumbani kwa mkataba wa miaka mitatu, ingawa msimu wa 2025-26 ataukaa nje akiuguza kano ya kisigino aliyoikata Aprili 2025. Mipira ya kushikiliwa haitoshi kwa Scoot kuwa mwenye timu. Msimu unaofuata Lillard akirejea, itapungua zaidi.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na nimelisema mbele ya vijana wangu, na mpwa wangu nimemwambia: Scoot aanze, na aanze pembeni ya Holiday, akiwa mshambuliaji wa pili. Holiday aulete mpira, aipange timu, amkabe gadi hatari wa upande wa pili. Boston walimtumia kwenye kona na akawapiga watu pointi tatu kutoka pale, kwa hiyo anajua pia kuishi bila mpira. Scoot apokee mpira ukiwa umeshahamishwa mara moja, mkabaji wake akiwa tayari anakimbia kuja kumfuata. Mtu wa kasi ile akipokea mpira mbele ya mkabaji anayekimbia, hakuna tena suala la kupita juu au chini ya skrini. Udhaifu wake mkubwa, kusoma ukabaji uliojipanga, unapungua uzito. Nguvu yake kubwa, hatua ya kwanza, inaongezeka. Na akijifunza kucheza pembeni ya Holiday mwaka huu, ndipo atakapoweza kucheza pembeni ya Lillard mwaka ujao. Benchi haimfundishi hilo, kwa sababu benchi inampa mpira wote.

Najua swali linalofuata: nani anakaa benchi? Shaedon Sharpe. Kijana anaruka kama hana uzito na anafunga, lakini msimu uliopita yeye mwenyewe aliwahi kutolewa kwenye kikosi cha kuanzia, na kikosi cha pili kinahitaji mfungaji. Toumani Camara huwezi kumgusa, ni mkabaji wa daraja la juu. Donovan Clingan analinda ringi. Avdija nimeshamsema. Nafasi ni ile moja.

Bahati mbaya Septemba 2025 Scoot aliumia msuli wa nyuma ya paja mazoezini, kabla kambi ya maandalizi haijaanza. Timu ilisema atakaa nje wiki nne hadi nane. Kwa mchezaji ambaye maisha yake yote ni hatua ya kwanza, msuli ule si wa kuharakisha, na sitaki nimwone Novemba akichechemea kwa sababu kuna kelele za mashabiki. Arudi kupitia benchi, dakika chache, kisha Januari aingizwe kikosi cha kuanzia. Hiyo inawaacha na nusu ya msimu ya kuamua. Kiangazi cha 2026 ndipo waliochaguliwa 2023 wataruhusiwa kujadiliana mikataba mipya, na Portland itabidi ijue inamlipa mchezaji wa aina gani. Wakimwacha benchi mwaka wote, watakaa mezani bila jibu, na timu isiyo na jibu huwa inamwachia kijana aende.

Hapo ndipo ninapomrudia Hasheem. Mwaka 2009 Memphis walimchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Msimu wake wa kwanza haujaisha wakampeleka ligi ya chini, Dakota. Kisha Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Alianza kikapu akiwa ameshakuwa kijana mkubwa, na alikuwa na mapungufu ambayo sote tuliyaona, simtetei kwa hayo. Ninachosema ni kwamba kila alipofika alikuta timu inayotaka awe tayari jana. Mchezaji mrefu kutoka Dar aliyehitaji misimu mitatu mahali pamoja hakuipata hata mara moja. Nilipoanza kusikia "wamuuze Scoot" wakati kijana ana miaka 20, kilichonijia ni yale tuliyoyasikia kuhusu mtoto wetu, kutoka kwa watu ambao hawakuwa wamemtazama kwa mechi nzima hata moja.

Mpwa wangu baada ya ile robo alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa Anko, lakini Amen bado namchukua kwanza." Hata mimi ningemchukua Amen kwanza leo. Hilo ni swali la drafti, lilishapita. La sasa ni Portland imfanyeje huyu waliye naye.

Nikirudi kwenye huduma: kwa mtu anayetaka vipande na matokeo tu, usilipie, vya bure vinakutosha. Kwa kocha wa vijana, mzazi wa mchezaji, au shabiki anayependa kubishana akiwa na ushahidi, hii ni pesa iliyokaa mahali pake. Chagua ya timu moja kama timu yako ni moja. Chukua ya juu kama unafundisha na unataka kushusha mechi ukiwa kwenye mtandao mzuri, maana viwanjani bando linaisha. Watangazaji unaweza kuchagua wa nyumbani au wa wageni, na mechi za Portland mimi husikiliza wa wageni angalau nusu, kwa sababu wao humwona Scoot bila mapenzi na huwa wanasema vitu ambavyo wa nyumbani wanavimeza.

Msimu wa 2025-26 Portland wanauanza nyumbani na Minnesota, kwetu ni alfajiri ya Alhamisi, Oktoba 23, 2025, saa kumi na moja. Scoot hatakuwepo uwanjani. Nitatazama hivyo hivyo, nione Holiday anapokea mpira upande gani, na ile nafasi ya pembeni yake inabaki na ukubwa gani.